Umugeni na Tairi la Mbele Kushoto

Mtaa wa Murubona,
Kasulu, Kigoma.
21 Septemba 2025

Mpendwa dada Evaline,

Shikamoo dada yangu. Habari za Kiomboi, na habari za shule? Kifua cha Brighton kimepona, au bado anakohoa usiku? Nimekuwa nikimwombea. Sisi huku wazima kabisa. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, asubuhi ukungu unakaa juu ya mabati mpaka watu wamalize chai, na baridi imerudi. Lakini baridi ya Kasulu siku hizi siilalamikii. Nina mtu wa kunifunika shuka linapoteleza.

Usinicheke, dada. Najua wewe ni mtu mzima na mambo haya umeyazoea. Mimi bado nikiamka nageuka kwanza kuangalia kama Ildefonce yupo kweli. Yupo! Analala mkono mmoja chini ya shavu kama mtoto wa chekechea. Mikono yake inanuka mpira hata akioga kwa sabuni mbili, na mimi nimeipenda harufu hiyo kuliko marashi yote ya sokoni. Akiondoka asubuhi naunusa mto. Sasa nimekwambia, usimwambie mtu.

Ulinipigia ukasema umenunua kigari chako, na kwamba Krismasi utakiendesha mwenyewe mpaka Kibondo kwa mama. Nilipiga vigelegele mpaka mama mkwe akauliza nani kajifungua. Ukasema fundi wa huko anakutajia maneno usiyoyajua nawe unaitikia tu kwa kichwa, kwa hiyo nikuandikie ili uyasome ukiwa umesimama mbele ya gari lenyewe. Dada, umeuliza mtu sahihi. Mume wangu anaziba pancha nyuma ya ukuta wa chumba chetu, na mimi nilikuwa sina kazi nyingine ila kumsikiliza.

Hilo la kukosa kazi nikueleze, maana hukuwepo. Ukoo wa shemeji yako ulitoka Burundi zamani wakapata uraia, na mila ya gutwikurura wameishika. Umugeni, ndivyo wanavyomwita bibi harusi, baada ya harusi anakaa ndani. Hafagii, hapiki, hatoki mbele ya wageni, hapazi sauti, mpaka ndugu zake waje na zawadi zao wamtoe nje kwa heshima. Akijitoa mwenyewe kabla, aibu haimwangukii yeye. Inamwangukia mama yake, kwamba alilea msichana asiye na adabu. Mama mkwe alinieleza hayo siku ya kwanza, kwa upole, akiwa amenishika mkono.

Basi nilikaa dirishani nikasikiliza matairi.

Neno la kwanza ni hilohilo tairi. Sisi wote tukiona kitu cha mviringo chini ya gari tunasema tairi. Fundi anatenganisha. Tairi ni mpira. Chuma cha katikati kinachoshika mpira ni rimu. Kama rimu ni ya aloi inayong'aa wanaiita spoti rimu, na kama ni chuma cha kawaida kilichofunikwa kwa plastiki, hiyo plastiki ni wilikapu, haifanyi kazi yoyote ila urembo. Fundi akikwambia rimu imepinda usimpelekee tairi jipya. Halitasaidia.

Gari kama lako tairi lake ni tyublesi, yaani halina mpira wa pili ndani, upepo unashikwa na tairi na rimu zenyewe. Sehemu inayokanyaga barabara, yenye mifereji, wanaiita kashata. Kashata ikiisha tairi ni kipara, na kipara kwenye lami yenye maji kinateleza kama ndala za bafuni. Upande ulio laini, wenye maandishi, ni ubavu. Nati ni zile zinazofunga rimu kwenye gari, na ukibadilishiwa tairi hakikisha zimekazwa tena gari likiwa limeshuka kwenye jeki.

Maandishi ya ubavuni alinifundisha usiku, Ildefonce wangu. Alibeba tairi kuukuu akaliingiza sebuleni, akaliegemeza kwenye kochi lenye vitambaa vya mama yake, akapiga magoti na chaki mkononi. Mama mkwe alisimama mlangoni akashika kiuno: "Ilde, wenzako wanawaletea wake zao doti za kitenge!" Akajibu, "Mama, kitenge ataletewa na kila mtu." Niliona ni maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kusema. Labda nilikuwa nimepofuka kwa mapenzi, lakini niliyashika masomo.

Kwenye lako nadhani imeandikwa 165/70 R14. Ile 165 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 70 ni kimo cha ubavu, si kwa milimita, ni asilimia sabini ya ule upana. R ni jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na gari ndogo karibu zote ziko hivyo. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na hiyo usimruhusu mtu akubadilishie, tairi la 15 haliwezi kukaa kwenye rimu ya 14. Kisha tafuta tarakimu nne zilizokaa peke yake mwishoni mwa herufi za DOT. Zikiwa 3619, maana yake tairi limetengenezwa wiki ya thelathini na sita ya mwaka 2019. Wauzaji wa mitumba hawapendi uinamie hapo. Wewe inama.

Upepo, ni hivi: kiasi kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si ubavuni. Ile namba ya ubavuni ni mwisho ambao tairi linastahimili. Pima asubuhi kabla hujaendesha, tairi likiwa baridi.

Sasa nikusimulie kilichotokea, kwa sababu mama amekwambia nusu tu.

Siku ya kutolewa ilipofika, Khamisi, rafiki yake Ildefonce mwenye gari aina ya Noah, ndiye alikuwa aende Kibondo kumchukua mama, shangazi Esteri na wengine. Alikuja alfajiri akajaziwa upepo, Ildefonce akakagua nati na kashata. Lakini alikagua matairi ya mbele yakiwa yamenyooka, na akili yake nusu ilikuwa kwa wakwe. Alikuwa amekwisha vaa shati la harusi, maskini. Khamisi akaanza kuligeuza gari hapo nyuma ya ukuta, akakata usukani wote, akasimama apakie kreti za soda. Tairi la mbele kushoto likageuka, na upande wake wa ndani, ambao siku zote hauonekani, ukanitazama mimi dirishani.

Ulikuwa na uvimbe, dada. Kama yai limefichwa chini ya ngozi.

Nilijua maana yake, nilikuwa nimefundishwa: nyuzi za ndani zimekatika, mpira peke yake ndio unashikilia. Zamani barabara ile ilikuwa mashimo na vumbi, watu wakienda polepole. Siku hizi kwenye lami Khamisi anakimbia. Na anayerudi naye ni mama.

Simu ya Ildefonce ilikuwa inachaji pembeni yangu. Kupaza sauti siwezi. Nikamwita mama mkwe aliyekuwa akipukuchua maharage ukumbini, nikamwambia kwa kunong'ona. Akaenda, kikapu mkononi.

Namsikia: "Umugeni anasema tairi hilo lina uvimbe ubavuni, upande wa ndani."

Khamisi: "Mama, si limejaa upepo? Lazima livimbe!"

Mama mkwe akarudi akanipa jibu. Nikasema, "Mama, upepo unajaza tairi lote, hauchagui mahali pamoja." Akaenda tena akiyarudia maneno yangu njiani asiyasahau.

Khamisi akacheka. "Shemeji kasomea wapi matairi, chumbani? Mama, mwambie atulie, leo ni siku yake. Tukichelewa wakwe watasema tumewadharau." Na wanaume waliokuwa wanasubiri kuzibiwa pancha wakacheka naye. Ildefonce sikumsikia, alikuwa mbele ya nyumba anapokea mahema. Kisha nikasikia injini inawaka.

Dada, sikuwaza. Nilijifunga kitenge kichwani nikakimbilia mlango wa nyuma. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Nilimwona mama yetu akiaibishwa mbele ya ukoo mzima, na nikamwona yuko ndani ya gari lile, nikaona bora aaibishwe.

Mama mkwe alinikuta hapo. Akaniwekea kiganja kifuani, si kwa nguvu. "Mwana wanje, rudisha mguu," akasema. Mwanangu, ndiyo maana yake, na hakuwahi kuniita hivyo. "Mama yako hataaibika leo. Mimi ni mzee, niache nikaonekane kichaa."

Akachukua kigoda chake cha kupukuchulia, akaenda akakiweka mbele ya bampa la Noah, akakaa. Akaendelea na maharage yake.

"Mama, sogea nipite."

"Pita."

"Nitapitaje na umekaa?"

"Basi zima. Umugeni wangu amesema tairi ni bovu. Mwite Ilde aje apapase kwa mkono wake, akisema ni zima nitanyanyuka."

Ildefonce akaja. Akalala chini na shati lile la harusi, akapitisha mkono upande wa ndani. Hata wale wa pancha waliacha kucheka. Kisha nikasikia: "Khamisi, lete jeki." Basi. Akafunga la spea baada ya kulipima na kulisoma tarakimu. Alipolitoa lile kwenye rimu, alipitisha tochi ndani akaita, bila kutaja jina langu maana wageni walikuwepo, "Aliye ndani aambiwe ahsante."

Nililia, dada. Nililia kwa furaha mpaka wanja ukanichuruzika, nikapakwa upya.

Mama alifika jua limeshapita utosini, amenuna kwa kuchelewa, mpaka alipoambiwa sababu. Shangazi Esteri akaimba. Wakanitoa nje, jua likaniumiza macho, nikapewa jembe, ungo, chungu na ufagio, vifaa vya kazi za mke, kama inavyotakiwa. Mama mkwe akasimama wa mwisho. Akafungua kanga, ndani yake kulikuwa na kipima upepo kipya, amekifunga utepe mwekundu.

"Hiki," akasema mbele ya wote, "ndicho umugeni wetu ataanza nacho."

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kama mke, dada, haikuwa kufagia. Kesho yake asubuhi, matairi yakiwa baridi, nilizunguka Noah ya Khamisi nikiwa na gauni la maua, nikapima moja moja. Khamisi alisimama kando, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Mama fundi, naruhusiwa kuondoka?" Nikamwambia akate usukani kwanza. Akakata, kulia na kushoto. Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Aliteremsha kioo, akanitazama nikiwa nimechuchumaa na vumbi kwenye magoti, akasema, "Herieth, nilidhani ningekuacha huku ukiwa mgeni." Kisha akapandisha kioo haraka. Unamjua, hapendi kuonekana akilia.

Ombi langu ni moja. Siku ya kuanza safari ya Krismasi, kata usukani wote, zima gari, shuka, chuchumaa utazame upande wa ndani. Kisha kata upande mwingine utazame tena. Nitakungoja Kibondo na kipima upepo changu, nitakapoona kigari chako sitakukumbatia wewe kwanza.

Nisalimie Brighton na shemeji Elisante, umwambie nampa kazi ya kukushikia tochi. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema chumba chako kiko tayari hapa Kasulu. Ildefonce naye anasema shikamoo. Yuko nyuma ya ukuta sasa hivi, namsikia akigonga rimu, na mimi natoka kumpelekea chai mbele ya watu wote.

Mungu akutangulie kwenye kila kona ya barabara.

Wako akupendaye, mdogo wako na mke wa fundi,

Herieth