Saumu Wangu Si Injinia, Anasugua Mawe ya Java

Mwanangu Saumu si injinia. Hajengi daraja. Hajawahi kujenga daraja hata la kuvukia mtaro. Anasafisha mawe ya mahekalu ya kale katika kisiwa cha Java, kule Indonesia, mahekalu ya Wahindu na ya Wabudha, na mimi mamake nimetoka kumwona kwa macho yangu haya mawili.

Haya, nimeshasema. Sasa hamjambo?

Leo ni Jumatatu. Hapa Frogtown, Minnesota, kumeanguka theluji ya Aprili, ile ya kukera, inayokuja wakati mtu ameshafua majaketi na kuyafungia kabatini. Nimerudi juzi. Mwili uko jikoni, kichwa kingali Java. Nimechemsha chai ya tangawizi, nimekaa dirishani na nimejiapia kwamba siinuki hapa mpaka niandike yote. Alhamisi Saumu anatua, na nataka atue kila mtu ameshajua.

Wengi mnaosoma shajara hii ya mtandaoni mnanijua. Kwa asiyenijua: mimi ni mwanamke wa Mombasa, niliishia darasa la saba, na huu ni mwaka wa kumi na nne nasafisha sakafu za hospitali kule Maplewood. Sakafu zangu unaweza kujitazama usoni. Nasema mwenyewe kwa sababu ni kweli, waulizeni manesi.

Nina mtoto mmoja tu, huyo Saumu. Alisoma chuo kikuu hapa hapa Minnesota, akavaa joho, nikapiga vigelegele mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kuniangalia kama ni mzima. Alisomea majengo ya kale, jinsi ya kuyatunza yasianguke. Halafu akapata kazi Java. Akanipigia simu na furaha yake: "Mama, nitakuwa nasafisha mawe ya mahekalu."

Nilisikia maneno mawili tu. Kusafisha. Mahekalu.

Naungama hapa. Lile la pili lilinitisha, nikiwa Muislamu na mtoto wa Muislamu. Lakini lililoniuma ni la kwanza.

Nilipokuja nchi hii na mtoto wa miaka tisa mkononi, nilisema mwanangu hatashika brashi. Brashi nitashika mimi, na basi. Sasa nimesomesha, nimevalisha joho, na mtoto ananiambia kwa raha zake kwamba anakwenda kusugua.

Wiki ile ile kulikuwa na harusi. Shoga yangu Rukia, yule anayekaa mji wa Savage, mnamjua, alikuwa anatuhesabia sifa za kijana wake mfamasia. Kijana hivi, kijana vile, koti jeupe, ofisi yake mwenyewe. Kisha akanigeukia mbele ya meza nzima: "Na Saumu wako, mama, amepata kazi gani huko mbali?"

Nikasema, injinia.

Lilitoka lenyewe, kama chafya. Wakauliza anajenga nini, nikasema daraja. Mwaka wa kwanza daraja lilikuwa la mto. Mwaka wa pili nikalipitisha baharini. Na nililiandika hapa pia, kwenye ukurasa ambao Saumu mwenyewe ndiye aliyenifungulia ili nipunguze upweke. Shukeni chini msome, mtaona neno injinia nimelitia mara ngapi. Sitalifuta. Likae liniangalie.

Mnaweza kuuliza vipi mtoto hakuona. Kiswahili cha kusema anacho chote, ila cha kusoma humchosha, akaniamini.

Basi nikaenda kumtembelea. Ndege tatu. Kwenye begi langu, pamoja na leso mbili na pilipili ya kusaga, nilimtilia kitu cha kumsaidia kazi: pakiti kumi za waya wa kusugulia sufuria. Niliwaza, kama ni kusugua, nani anajua kusugua kuliko mimi?

Siku ya pili alinipeleka kazini kwake. Si yale mahekalu makubwa ya kwenye picha. Ni hekalu dogo la Wahindu lililoangushwa na matetemeko ya zamani, limebaki mafungu ya mawe meusi chini ya banda la mabati. Kila jiwe lina namba. Saumu na wenzake wanatafuta lipi linakaa juu ya lipi, wanayapanga chini kwanza, na lisilokuwa mahali pake wanalirudisha fungu lake. Aliniambia kona moja imewachukua miezi minane. Nikamtazama. Mimi fumbo la picha la vipande hamsini hunishinda.

Alipokwenda kuchukua kofia yangu ya kazi, nikaona jiwe lina ukungu wa kijani. Jiwe zuri limechongwa maua. Nikatoa waya wangu begini, nikapiga bismillahi, nikaanza.

"Mama, hapana. Mama, weka chini."

Sijawahi kumsikia na sauti ile. Alikuja mbio, akanishika mkono. Ukungu ulikuwa umetoka kweli, na ua pia limetoka kidogo. Mkwaruzo mweupe, urefu wa kidole changu cha shahada, juu ya ua lililochongwa na mtu zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Nilitamani sakafu inimeze.

Watu sita walisimama kututazama. Saumu hakunitetea, na hakunificha. Alifungua daftari la mawe, akaandika namba ya jiwe, akapima mkwaruzo kwa rula, akaupiga picha. Nikamwuliza ameandika nini pale kwenye sababu. Akanisomea: "Umesuguliwa kwa waya na mama mzazi wa mfanyakazi, kwa nia njema."

Kwa hiyo mimi nimo kwenye daftari la hekalu. Rukia, wewe umo wapi?

Pana mama mmoja pale kazini, mzee kuliko mimi, wanamwita Ibu Marni. Ibu kwao ni mama. Alinionea huruma. Akanipa brashi ya nyuzi za mti, laini kama nywele, na ndoo ya maji matupu, akaweka mkono wake juu ya wangu, akanionyesha. Unazungusha. Hukandamizi. Unangoja maji yafanye kazi. Asubuhi nzima nilisafisha jiwe moja, la ukubwa wa mkate. Na jioni ya siku hiyo bega liliniuma kuliko siku ya kupiga deki korido zote mbili za hospitali.

Adhana ya adhuhuri ilipolia kutoka kijijini, Ibu Marni akaweka brashi chini na kwenda kutawadha. Nusu ya banda wakaondoka naye. Kumbe Java karibu wote ni Waislamu. Nikasali nao kwenye kijumba chao cha kusalia, kisha nikamwuliza, Saumu akitafsiri, moyo wake unatuliaje kushinda na masanamu. Alicheka akaziba mdomo. Akasema haya yalijengwa na mababu wa babu zake kabla hawajasilimu. Akiyaacha yaliwe na ukungu, atamwambia nini mjukuu wake akiuliza?

Nikachukua ndoo yangu, nikamfuata bandani.

Siku iliyofuata tulikwenda Prambanan, kwenye mahekalu makubwa ya Wahindu. Minara imekwenda juu, imechongoka, myeusi tii, kila inchi imechorwa. Langoni wanakufunga kitambaa kiunoni kwa heshima ya mahali. Mlinzi akaja na chake, akaiona leso yangu nimejifunga, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Mimi na leso yangu ya Mombasa nikapita kama mwenyeji. Ndani ya mnara mkubwa amesimama Shiva wa jiwe kwenye giza, na familia moja ya Kihindu imeweka maua miguuni pake. Nilijivuta nyuma nikawapisha wamalize. Sikusujudu, wala hakuna aliyeniambia nisujudu. Nawajibu mapema wale watakaonong'ona.

Usiku ujumbe ukaingia kwenye simu ya Saumu. Alisoma, akasoma tena, kisha akanikabidhi simu.

Ilikuwa sauti ya Rukia ile ile, kwa maandishi. Kina mama wa madrasa wanamwomba Injinia Saumu, mjenzi wa daraja la baharini, akija likizo azungumze na watoto wetu, wapate kuiga.

"Daraja gani, mama?" akauliza.

Nikamwambia yote. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Unanionea haya?" Na kabla sijafungua kinywa: "Sitakuja wakiniita injinia. Ama uwaambie wewe kwa mkono wako, ama nibaki huku."

Nikaenda kulala. Kesho yake tukapanda Borobudur, hekalu la Wabudha, kama tulivyokuwa tumepanga.

Borobudur ni mlima uliojengwa. Wanakuvua viatu vyako, wanakuvalisha makubazi ya kusuka ili usile mawe kwa soli. Ngazi ndefu, na magoti yangu mnayajua. Unazunguka kila orofa na ukuta wote ni picha za mawe: wafalme, wapishi, wanawake na vyungu, na jahazi moja lina mikono ubavuni kama ngalawa za kwetu. Nikasimama pale nikaligusa kwa macho tu, maana mikono nimeshafunzwa. Juu kabisa pana majiwe kama kengele kubwa zilizotobolewa matundu, na ndani ya kila moja Budha ameketi, katulia, hana haraka na mtu.

Nilifika juu. Niandike tena: nilifika juu, na vijana wawili wa kikundi chetu waliachwa orofa ya tatu wakihema.

Saumu alikuwa amesimama pembeni anaangalia jiwe, si mandhari. Alikuwa anaangalia ufa mdogo. Akautazama kama mimi ninavyoitazama korido kabla zamu haijaanza, nikitafuta alama ambayo wengine hawaioni. Nikaujua ule uso. Ni wangu.

Nikamwambia pale pale. Sikuonei haya wewe. Nilikuwa naona haya mimi, miaka yote kumi na nne, na brashi yangu, na sare yangu ya bluu, nikaona afadhali uwe chochote ila mimi. Saumu akapiga goti. Akanifunga upya kamba ya kubazi iliyokuwa imelegea, akakaa pale chini miguuni pangu muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

Tulipokuwa tunashuka akasema, "Mkwaruzo wako nitauangalia kila siku, mama." Nikamwambia ausalimie.

Ndiyo hayo. Mtoto wangu anasugua mawe, na anajua kila jiwe linakaa wapi. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na wangu ndio uliomlea. Kama kuna mama ana mtoto anayesimamisha tena kitu kilichoanguka miaka mia nyingi kabla babu zetu hawajazaliwa, ajitokeze tukae meza moja.

Asubuhi hii nimempigia Rukia, nikamwambia kabla hajasoma. Nikasikia kijiko chake kwenye kikombe. Kisha: "Kwa hiyo lile daraja nililomsimulia mkwe wangu?" Nikamwambia limeanguka. Akasema, "Wee mwanamke, miaka miwili unanivusha juu ya hewa?" Akakata simu. Sijui kama atakuja. Nataka aje. Nimempikia mahamri kwenye kila msiba wake na furaha yake, na akikosa kiti chake kitabaki wazi, sitampa mtu.

Baada ya kukatiwa nilitoka na nyundo kibarazani, theluji inaniangukia kichwani. Lile jagi kubwa la maua la sebuleni, ambalo kila mgeni hulisifu na Rukia alililia miaka, nimelifunga ndani ya taulo nikalivunja. Jirani alichungulia dirishani, nikampungia mkono. Vipande arobaini na kimoja. Nimeviandika namba zote kwa kalamu ya wino, mkono wangu mwenyewe. Saumu ameniomba vitu vya kuwapa watoto wavipange wenyewe, waone kazi yake ilivyo. Nilimwambia niachie mimi.

Kipande cha namba kumi na saba kina mkwaruzo. Nimeuacha.

Sasa nisikilizeni. Saumu anatua Alhamisi. Ijumaa apumzike, asipigiwe simu. Mazungumzo ni pale pale chumba cha madrasa, University Avenue, baada ya swala ya adhuhuri. Leteni watoto, hata wale wanaojibu kwa Kiingereza, na waje na mikono iliyooshwa. Atakayemwita injinia atatoka nje kwenye theluji. Pilau ni langu, mahamri nitaacha nafasi ya yule anayejua kuyapika kunishinda, naye anajijua.

Jumamosi. Wote.