Turubai Lililokatwa kwa Kisu

Baba,

Ninakuandikia nikiwa ndani ya boti yako, kwenye kile kitanda ulichonipimia kwa kunilaza juu ya mbao kama fundi wa majeneza. Nilicheka siku hiyo.

Ziwa lilipomeza chumba chetu huku chini ya mtaa wa Karagita, majirani walikimbilia kutafuta vyumba vingine. Wewe ukanunua boti kuukuu ya watalii, ukaifunga kwenye mti uliofia majini, ukasema, "Hii haifuriki." Ukapinda mabomba, ukaezeka turubai la lori. Ukakata godoro kwa kisu cha mkate mpaka likaingia kwenye pua ya boti. Ukashona mifuko ukutani ya nguo na sahani. Jiko ukaliweka kwenye karai la mchanga lisichome sakafu. "Bado kidogo tu, Wambui, utakuwa na nyumba."

Kisha asubuhi moja, kabla hatujahamia, wavuvi wakakukuta umelala humo, na huamki.

Hospitali walisema ni hewa ya makaa. Nilikataa. Hewa gani hiyo isiyoacha hata masizi? Nilijua ulichokula jioni ile: samaki wa Anko Kimani, ndugu yako wa pekee. Ndiye aliyekuona mwisho. Na siku ya mazishi hakunitazama machoni hata mara moja, alisimama mbali na kaburi kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Mama aliporudi kwao Keringet, nikahamia hapa. Siku moja nikirudi kutoka kazini kwenye shamba la maua nikakuta turubai limekatwa juu, pande zote mbili, mkato safi wa kisu. Nikashona. Likakatwa tena. Mvuvi mmoja akaniambia, "Ni yule anko wako, siste. Ukitoka tu, anakuja."

Basi nikajua. Amekumaliza wewe, sasa anataka mvua inifukuze mimi abaki na boti. Maziwa aliyoniachia kwa wavuvi niliyamwaga. Nikashona ile mikato kwa uzi wa nyavu, mara mbili, nikapaka gundi juu yake.

Jumapili mvua ikanyesha mchana kutwa. Unaijua baridi ya hapa. Nikawasha jiko, makaa yakashika vizuri, hakuna moshi kabisa. Nikavuta zipu ya mlango wa turubai mpaka chini. Nilisikia raha, Baba. Nilisema, leo kweli nina nyumba.

Kichwa kikaanza kugonga. Nikadhani ni njaa. Nikataka kusimama, magoti yakakataa. Hata hapo, unajua nilifikiria nini? Kimani ameweka kitu kwenye maji yangu.

Nikasikia turubai linapasuka. Mkono ukaingia, ukanishika mguu. "Toka! Wambui, toka nje!" Alikuwa Anko Kimani. Akaniburuta mpaka kwenye tope la ufukweni, mvua ikinipiga usoni. Nilimtapikia viatu.

Nilipoweza kusema nikamuuliza kwa nini ananikatia turubai.

"Hewa," akasema. "Upate hewa. Leo nimeona mvua, nikajua utawasha jiko."

Kisha akakaa kwenye tope lile lile. "Ile zipu ni mimi nilimletea baba yako. Nilimwambia, ukifunga hii, baridi haitakuona. Nikaenda kwangu nikalala."

"Si ungeniambia!"

"Nilikuja kwa matanga nikuambie. Ulinifungia mlango. Baadaye nikaogopa. Ningeanzia wapi, Wambui? Niseme nimemuua ndugu yangu na zipu?"

 

Tumeing'oa ile zipu. Tumeshona madirisha ya neti pande zote mbili, yana vifuniko vya kuteremsha mvua ikija, lakini hatukuvifikisha chini kabisa. Jiko linakaa nchi kavu, juu ya mawe, na usiku najifunika blanketi mbili.

Sitakudanganya kwamba nimemwamini kabisa. Jana alinimiminia chai, nikangoja anywe yeye kwanza. Aliona. Akanywa. Nikainywa yangu imeshapoa.

Mama bado anaamini nilichokuwa naamini mimi, na ni mimi niliyemwambia. Nakuahidi hivi: nikipata off kazini nitampeleka Kimani Keringet, nikae kati yake na Mama mpaka aseme mwenyewe habari ya zipu, na Mama akimfukuza, nitatoka naye.

Pumzika, Baba. Huku upepo wa ziwa unaingia upande huu na kutokea ule.

Binti yako,
Wambui