Maziwa Uliyompa Yusufu

Mpendwa dada Neema,

Amahoro, amani iwe kwako. Yusufu ameanza kutembea. Jana aliachia ukuta wa baraza akaja hadi magotini pangu, na wa kwanza niliyemkumbuka ni wewe, uliyerudi kwenu Fizi, ng'ambo ya ziwa.

Unakumbuka nilivyoletwa hospitali ya Rumonge kutoka Kigwena? Mimba miezi minane, mwili unawaka, macho yanauma kwa ndani, mifupa kama imetwangwa. Nyumbani tulidhani malaria, kipimo kikakataa. Daktari akasema ni dengue, homa ya mbu wa mchana, akanikataza aspirini nisije nikavuja damu. Wewe ulikuwa kitanda cha pili, umegeukia ukuta. Homa hiyohiyo ilikushika kabla yangu. Wewe ilikuacha, mtoto wako ikamchukua tumboni.

Yusufu alizaliwa kabla ya wakati. Nilitoka damu hadi nikawa sijitambui, na nilipozinduka matiti yalikuwa makavu. Kisha naye akapata homa, vidoa vyekundu vikamtoka kifuani. Muuguzi alisema ameipata kwangu, tumboni. Alilia mpaka sauti ikamwisha.

Ndipo ukageuka, ukasema polepole, "Lete mutoto. Maziwa iko, mwenyewe haiko."

Muuguzi alikupima damu kwanza, halafu akakuwekea mtoto kifuani. Machozi yako yalikuwa yanamdondokea utosini, naye ananyonya tu.

Homa ilimtoka, vidoa vikafutika. Mama mkwe wangu, uliyekuwa unamwogopa kwa kuwa wewe ni Mkristo, alikuletea uji akaketi kitandani pako. Alikueleza kwamba kwetu Waislamu maziwa ni undugu: binti utakayemzaa, Yusufu hawezi kumwoa. Ukacheka, na sisi hatukuwa tumewahi kukusikia ukicheka.

Nikimwogesha sasa, nikaona mapaja yalivyojaa, mikono yangu inasimama yenyewe. Mwili huu uliukuza wewe, nawe ukiwa kwenye matanga ya mwanao.

Nimesikia una mimba tena, na unaogopa. Dada, funika mapipa ya maji, mwaga maji ya makopo, ukipumzika mchana ingia kwenye chandarua. Homa ikikugusa, usingoje kuche, nenda hospitali. Siku zikikaribia nitavuka ziwa na Yusufu, ili mtoto akifumbua macho akute kaka yake ameshafika.

Mzazi mwenzio,
Zaituni