Namba Arobaini na Nne

Jumatatu, 4 Mei 1998
Vipande namba 12 hadi 20 vimeingia. Vidole vinauma. Hadithi yangu ya daftari, ya mwizi wa ng'ombe, inahamia kwenye kompyuta nne za darasa, zilizounganishwa kwa waya. Kwenye daftari msomaji ni mmoja, anachagua njia: ukimpiga mwizi nenda 31, ukimfungua kamba nenda 44. Kwenye 44 anavuka ziwa kwa pantoni kwenda Kamanga, anaishi. Niliiandika kwa ajili ya kaka yangu Kulwa, waliyemuua mwaka jana kule Kisesa kwa ng'ombe ambaye hakumwiba. Darasani hakuna anayejua.

Jumatano, 6 Mei
Tumejaribu mchezo. Wanafunzi watatu, mimi mwizi. Nimeweka sheria ya kwetu: yowe likipigwa wote waje, asiyepiga ni mwenzake mwizi, naye apigwe. Kosa langu hilo. Neema alichagua 44, wenzake wawili wakamuua yeye kwanza. Kisha mimi. Walicheka hadi machozi. Masanja, mmoja wao, aliandika: "Vunja goti la kushoto, halafu la kulia." Kulwa tulimzika na magoti ya hivyo. Hilo sikuliandika popote.

Alhamisi, 7 Mei
Nimemuuliza Masanja kajuaje.
"Tunaanzaga na magoti, mwalimu, asikimbie. Mwaka jana Kisesa nilimvunja mmoja mwenyewe."
Akaendelea kula muhogo. Namchukia. Nataka afe.

Jumamosi, 9 Mei
Sokoni, saa nne asubuhi. Masanja mbele yangu na mfuko wa dagaa. Nimeita "Mwizi!" mara moja tu, nikimnyooshea kidole. Mawe. Marungu. Muuza nyanya aliacha nyanya zake akaja na jiwe la mizani. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Damu ikaruka hadi kwenye kanga yangu. Nikapiga kelele: siye, nimekosea! Wakanigeukia: "Na wewe mwenzake?"
Nikanyamaza. Niliogopa, nikanyamaza. Goti lake la kushoto. Halafu la kulia. Polisi walipofyatua hewani ndipo wakatawanyika.

Jumapili
Sikwenda kanisani. Kanga haitakati.

Jumatatu, 11 Mei
Hospitali. Nimempelekea Masanja uji. Meno manne hayapo. Hajui nani aliita.
"Shikamoo mwalimu. Umekuja peke yako, wengine wanaogopa kuitwa wenzangu."
Nikamnywesha kwa kijiko. Akauliza kama kwenye mchezo ule kuna pa mwizi kupona. Nikamwambia 44. Akataka nimsomee. Daftari lilikuwa mkobani. Nikasoma taratibu, mpaka pantoni inapofika Kamanga.
Alikuwa ameshalala. Sikumwambia nani aliita.