Kitabu cha Kabati la Wageni

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Nyamasaria sisi wazima, isipokuwa babu yako na manung'uniko yake. Unaniuliza eti umfiche mtoto kitabu cha picha kwa sababu anakirarua? Jamani, ukoo huu!

Baada ya Uhuru nilimnunulia baba yako, angali mdogo, kitabu cha wanyama mjini Kisumu. Babu yako akakifungia kwenye kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni. Mtoto alikitazama kupitia kioo akilia. Niligombana na mzee huyu mpaka nikachoka. Alipokitoa, baba yako alikuwa darasa la nne. Akasema, "Lakini Baba, hiki ni cha watoto."

Nimekutumia kitabu chenyewe. Bado kipya, aibu tupu! Mpe mtoto akirarue.

Nyanya yako