Wameniombea kwa Sababu Nimekonda

Jumamosi, jioni

Na leo wameniombea mimi! Jumuiya tulisali nyumbani kwa Mama Deo, na mwishoni mwenyekiti akasema tumkumbuke dada yetu Skola, amekonda sana, Mungu amponye. Wote wakaniangalia kwa huruma.

Ningewaambia nini? Kwamba nesi alinipima presha akaniambia nipunguze mwili na chumvi, nisije nikapata kiharusi kama dada yangu, anayelishwa kwa kijiko? Kwamba hizi kilo zilizopungua ni jasho langu, kila siku kwa miguu hadi shambani Murukulazo, bodaboda nimeacha? Nilipokuwa mnene na presha iko juu, hakuna aliyeniombea. Walisema nimependeza.

Nikaona aibu. Mama Deo alipopakua, nikala sahani mbili za ndizi na nyama, waone kwamba siumwi. Na chumvi nikaongeza. Mjinga mimi.

Sasa kichwa kinagonga. Nimekaa mbele ya kioo, natabasamu, naangalia kama mdomo umekwenda upande. Dada alianza hivyo.

Mdomo bado uko sawa.

Natabasamu tena.