Mgonjwa wa Sukari Asiyekuwa na Sukari

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Pauline, tangu tukulaze pale kando ya migomba, na katika Tongaren yote hakuna mwanamke anayejua kutunza siri kama mimi mkeo. Ndiyo maana leo naiandika hapa kwenye tangazo la kumbukumbu yako, isomwe mpaka Bungoma mjini.

Ulikuwa mtu mwema mpaka unachosha, Nehemiah. Mvua ikianza, ulikimbia na turubai letu kufunika mahindi ya jirani, yetu yakalowa. Ulikuwa unang'ata punje kupima kama imekauka, na meno yako manne, halafu unabishana na watu wenye meno yote.

Lakini ile ya sukari bado sijakusamehe vizuri.

Derrick wetu aliporudi kutoka Mombasa na heroini mwilini, tulimfungia ndani wiki mbili tukimpa uji na maombi. Arosto, yale maumivu ya kukosa heroini, ikamshika, akatetemeka, akatapika, mwishowe akaruka dirisha. Tukamtafuta, tukamfungia tena, kwa sababu ujinga wa mara moja haukututosha. Ndipo ukasikia kuna kliniki Kitale wanapeana methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya nesi, hata miaka, mpaka mtu atulie.

Sawa. Ila ulikuwa mzee wa kanisa, na watu wakauliza mnaenda wapi kila asubuhi na pikipiki. Ukasema mgonjwa ni wewe, una sukari, Derrick anakupeleka tu.

Ati sukari. Kanisa lote likakuombea. Kwa harusi, kwa matanga, ukaletewa kikombe chako cha pekee, chai kavu isiyo na sukari, na Roselyne, yule mhudumu wa afya wa kijiji, amesimama hapo mpaka umalize. Miaka miwili. Ukifika nyumbani unaninung'unikia, "Mama Pauline, ile chai ni ya kuogeshea ng'ombe."

"Si ulijipa ugonjwa mwenyewe? Kunywa."

Ukainywa. Nilijua ni kwa ajili ya mtoto, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi, maana mke atamgombeza vipi mume kwa jambo kama hilo?

Derrick akanenepa, akarudia useremala wake. Nesi Kipkosgei alikuwa hamwachi aondoke kabla hajaongea, ajue dawa imeshuka, haijafichwa shavuni. Derrick akameza akamwambia, "Mzee wangu anakusalimia, ako kwa benchi hapo nje, sukari inammaliza." Mkacheka nyinyi watatu, na mimi huku napalilia peke yangu.

Kisha moyo wako ukasimama ukiwa unapukuchua mahindi, ukaniachia uongo wako bila maelezo. Hata wiki haikuisha, Roselyne akaniuliza, "Mama, mgonjwa si tulizika? Sasa Derrick anampeleka nani Kitale?"

Mdomo ukajibu kabla yangu. "Mimi. Sukari ilinihamia."

Sukari haihami, lakini mjane haulizwi sana. Basi na mgongo wangu huu nikapanda pikipiki kila siku, na mimi nikapewa kikombe changu. Najua ulicheka.

Mwezi wa nane Pauline akajifungua kule Kapsokwony, nikaenda kumsaidia siku nne. Nilimwambia Derrick aende Kitale peke yake. Aliitikia, hakuenda. Aliogopa kuulizwa mgonjwa ako wapi. Niliporudi nilimkuta amejifunika blanketi saa sita mchana, jasho linamtoka, na simu inalia. Aliyepiga alikuwa mmoja wa wale wake wa zamani, wa heroini. Simu niliitumbukiza kwa ndoo ya nguruwe.

Kesho yake nikampeleka Kitale, na Kipkosgei hakunibembeleza. "Mama, siku hizo zikipita lazima nimwanzishe na dawa kidogo tena. Na kama angetumia ile kitu yake kipimo cha zamani, mwili umeshasahau, ungemzika."

Nilikuwa nimeshazika mmoja mwaka huu. Njiani Derrick akasema, "Mama, wacha niwaambie watu tu." Nikakataa. Nilifikiria chai yako ya miaka miwili, nikaona tutaitupa bure.

Jumapili iliyopita Roselyne akaja na kile kipimo cha kutoboa kidole, akatupanga wazee wote nje ya kanisa. Nikasema nimeshakula. Akasema haidhuru. Nikasema kidole kina kidonda. Akachukua kingine. Kipimo kikasoma tano.

"Mama Pauline, hii ni ya msichana wa shule."

"Ni dawa inafanya kazi."

"Dawa gani hiyo?"

Kabla sijatunga jingine, Derrick akasimama kando yangu na helmeti yake mkononi. "Dawa ni yangu," akasema. "Ni ya kuacha heroini. Mzee hakuwa na sukari, na mama hana. Walikuwa wananifichia." Jumatatu akaenda Kitale peke yake, na mimi nikalala mpaka saa mbili.

Tunaokukumbuka daima ni mimi Nakhungu, mkeo, ninayekunywa chai na vijiko vitatu. Pauline na mtoto wake, Wangila mdogo, aliyerithi jina lako, huko Kapsokwony. Derrick, aliyesoma hii yote akasema iende vile ilivyo. Na Roselyne, ambaye amekaa hapa jikoni kwangu akisema eti yeye alijua tangu mwanzo. Nimemuuliza, kama ulijua, mbona mwezi jana uliita akina mama wote wafunge siku tatu ili miguu yangu isikatwe? Anaangalia mlango.